Eda Iliyoishia Safarini

Barafu alipotea ghorofa ya tatu, kwenye vifungo.

Alikuwa akitafuta vipuri vya friji. Asubuhi Bi Msafara, aliyewaleta watu ishirini na wawili kutoka nyumbani mpaka China akiwa na simu mbili na kipaza sauti, alikuwa amewapanga: wa vipuri jengo la kushoto, wa vitambaa jengo la kulia, saa saba wote mlangoni, na kila mtu avae kofia yake ya manjano. Barafu alitoka kutafuta choo, akavuka daraja la vioo, akapanda ngazi za umeme zilizompeleka bila kumuuliza anakwenda wapi. Alipoinua macho, kuta zote zilikuwa vifungo. Vya mfupa, vya shaba, vyenye maua. Watu walimpita na mikokoteni wakimgonga visigino, naye hakuona haraka ya kusogea. Miezi hii alikuwa haoni haraka ya jambo lolote.

Kisha akasikia sauti ya mkewe.

"Hapana, mama. Hiki kina ufa. Na hiki. Mteja wangu akishiba tu, kitaruka kimpige mumewe jicho."

Mwenye duka, mama wa Kichina aliyening'iniza miwani shingoni, hakuelewa hata neno moja, lakini alicheka, akamsogezea kalkuleta. Mkewe, Sindano, akabonyeza, akairudisha. Alivaa gauni refu la kijani kibichi alilojishonea mwenyewe, lenye mikono mipana, mtandio mweupe, na raba za kutembelea. Kofia ya manjano aliikalisha juu ya mtandio, ikamfanya aonekane mdogo.

"Sindano," Barafu akaita.

Aligeuka. Kwa nukta moja uso wake ulifunguka kama zamani, kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Umefuata nini huku? Friji siku hizi zinafungwa vifungo?"

"Nimepotea."

"Umepotea na kofia hiyo? Mtu akiwa kwenye ndege anakuona."

"Nawe umeivaa."

"Mimi imenipendeza."

Ilikuwa kweli, lakini Barafu hakusema. Alichukua mifuko yake miwili bila kuombwa, akasimama nyuma yake kama alivyokuwa akisimama sokoni enzi za uchumba, wakati alipokuja kutengeneza jokofu la duka la jirani na akarudi mara tatu kuangalia kama bado linagandisha. Mkewe ndiye aliyempa jina la Barafu. Yeye alimpa la Sindano. Mtaani wateja walipobisha hodi na kuita, "Fundi!" waliitika wote wawili.

"Leo tarehe ngapi?" Sindano aliuliza, akihesabu vifungo kwa vidole.

"Ishirini na moja. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Barafu hakulifikiria tena swali hilo.

Wiki tisa kabla ya siku hiyo, Barafu alikuwa amemwacha mkewe talaka moja.

Mtoto wao wa kike alifariki akiwa na mwaka na miezi mitano, kwa homa iliyoanza asubuhi na kumaliza kazi yake kesho yake. Baada ya hapo Sindano aliendelea kumshonea. Kila wiki gauni moja, na kila mwezi alikiongeza kipimo kidogo, kwa sababu watoto wanakua. Hakulia. Alishona. Barafu alitengeneza friji za watu, akarudi, akala, akalala. Alasiri moja aliingia akakuta gauni jipya la njano mezani, akapaza sauti ambayo hakujua anayo, na mwisho wa maneno yake yote likatoka lile.

"Nimekuacha. Talaka moja."

Sindano alimalizia mshono, akakata uzi, ndipo akauliza.

"Moja?"

"Moja."

"Haya."

Kaka yake Sindano, kinyozi, ambaye ndiye walii wake tangu baba yao alipofariki, alikuja akawaketisha. Alisema talaka ni rejea, mke anakaa eda yake nyumbani kwa mumewe, chumba mbalimbali, na mume ana nafasi ya kumrejea kwa neno moja muda wote eda haijaisha. Na safari ya China ilikwishalipiwa tangu mwanzo wa mwaka. "Nendeni," alisema. "Huko wanawake wanalala na wanawake, wanaume na wanaume, hakuna atakayeuliza."

Wakaenda. Barafu alikuwa ameweka alama kwenye kalenda ya simu: miezi mitatu kamili. Zilibaki wiki nne. Alikusudia kumrejea. Alikuwa na neno lenyewe mdomoni kila siku, na kila siku aliona ni vyema zaidi kulisema nyumbani, kwa utulivu, baada ya safari, ndani ya wakati.

Sindano hakuwa na alama kwenye simu. Alijua kwa mwili wake, na alijua kwamba zimebaki siku mbili au tatu.

"Mwambie," alisema Mama Mikoba asubuhi iliyofuata, akiwa amekaa juu ya sanduku lake akijaribu kulifunga. Ndiye aliyelala naye chumba kimoja, mfanyabiashara wa mikoba, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusema. Asubuhi hiyo hakucheka. "Mwanaume hajui hesabu hizi. Mwambie, baba wewe, saa zinakwenda."

"Nimwombe?"

"Si kumwomba. Kumkumbusha."

"Neno alilitoa mwenyewe bila kukumbushwa," alisema Sindano. "Inuka, nikalie mimi. Nina mifupa mizito kuliko wewe."

"Mifupa! Mimi nina nyama na bado limenishinda."

Sanduku likafunga. Sindano akavaa kofia yake.

Siku hiyo haikuwa ya manunuzi. Bi Msafara aliwapeleka kuona kasri la wafalme wa kale, ua baada ya ua, kuta nyekundu, ngazi za mawe meupe zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Mwongozaji alieleza idadi ya vyumba na watu wakasema "mashaallah" kwa adabu, huku wakitafuta kivuli. Bi Msafara aliwasimamisha kwa picha.

"Barafu, sogea kwa mkeo! Hamgombani na kamera!"

Alisogea. Begani alisikia harufu ya pasi ya moto na sabuni, harufu yake ya siku zote. Picha ikapigwa. Ndani yake wanaonekana watu wawili wenye kofia za manjano wakitazama pande mbili tofauti.

"Umechoka?" aliuliza.

"Kidogo."

"Nilikuwa nataka..." Nyuma yao kundi la wanafunzi lilipita likipiga kelele. Alingoja lipite. Lilipokwisha, neno nalo lilikuwa limerudi ndani. "Tukifika nyumbani tutazungumza. Mimi na wewe. Vizuri."

Sindano alimtazama kwa muda mrefu kidogo.

"Tukifika nyumbani," alisema.

Barafu alishuka ngazi akiwa amepata nafuu. Alidhani wamekubaliana.

Ijumaa walikwenda msikitini. Ulikuwa msikiti wa zamani, wenye paa za vigae zilizopinda pembeni kama nyumba nyingine za mji huo, bustani katikati, na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mbao kwa mkono wa Kichina. Wazee waliovaa kofia nyeupe waliwasalimu, "Assalaam alaikum," na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kuelewana nao kwa siku sita. Mama Mikoba alilia hapohapo mlangoni. Wanawake wakaelekezwa chumba chao cha kusalia, na Barafu akaingia na wanaume.

Alipotoka, alimkuta Sindano peke yake kwenye benchi la mawe bustanini, viatu miguuni. Hakuwa ameingia kusali.

Barafu alielewa mara moja, kama anavyoelewa mtu aliyeishi na mwanamke miaka sita. Alimwendea mzee mmoja wa hapo, akamwonyesha kikombe kwa ishara, akaletewa maji ya moto. Siku zake za mwezi tumbo la Sindano lilikuwa linamsumbua, na maji ya moto ndiyo dawa yake. Akampelekea.

"Ahsante," alisema. Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa.

"Pole."

"Nishapoa."

Barafu akarudi kuvaa viatu. Ustadhi, mwalimu wa madrasa aliyelala naye chumba kimoja na aliyekuja kutafuta mazulia, alikuwa anahangaika na kamba zake.

"Mkeo mgonjwa?"

"Hapana. Ana udhuru." Kisha, kwa sababu Ustadhi alikuwa mtu wa siri na kwa sababu sala ilikuwa imemlainisha, akaongeza, "Ustadhi, mimi nilimwacha yule. Moja. Nataka kumrejea. Bado nina wiki nne."

Ustadhi aliacha kamba.

"Wiki nne za nini?"

"Zimebaki kwenye miezi mitatu."

"Nani kakwambia miezi mitatu?"

"Si ndiyo eda?"

"Miezi mitatu ni ya mwanamke asiyepata damu, ndugu yangu. Anayepata, eda yake ni twahara tatu, vile vipindi vya usafi kati ya damu na damu. Kwa tunavyosoma sisi, akiiona damu ya tatu tu, basi, eda imekwisha." Alimtazama usoni, sauti ikashuka. "Tangu umwache, hii ni ya ngapi?"

Barafu hakujua. Aliondoka akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Hii ni ya ngapi?"

Sindano aliutazama mguu wake ulio na soksi.

"Ya tatu."

"Tangu lini?"

"Alfajiri."

"Nimekurejea," alisema Barafu. "Sindano, nimekurejea. Mungu shahidi, Ustadhi yule pale shahidi. Nimekurejea kwenye ndoa yangu."

"Haishiki tena."

"Kwa nini hukuniambia? Jana tulikuwa pamoja siku nzima!"

"Juzi nilikuuliza tarehe."

"Tarehe! Ningejuaje?"

"Sijui ungejuaje." Sauti yake haikupanda. "Kila asubuhi nilishuka kula nikasema leo. Ukanipa mkate, ukanipa yai. Nikasema labda hataki, ila ana adabu."

Barafu alikaa upande wa pili wa benchi. Katikati yao palitosha mtu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi kitu, na kilikuwa hofu, hofu ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayetoka dukani na kukuta gari limeondoka.

"Nilikuwa na alama kwenye simu," alisema. "Nilidhani nina wakati."

"Najua sasa."

"Basi nikuoe."

"Nini?"

"Ndoa mpya. Mahari mpya. Nimpigie kaka yako sasa hivi nikupose."

"Wewe umevaa kiatu kimoja."

"Nitampigia na kiatu kimoja."

Sindano alitazama kikombe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Barafu akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia. Nyumbani ilikuwa asubuhi, na mashine ya kunyolea ilinguruma kwenye simu.

"Haloo, shemeji! Mko salama? Fupisha, nina kichwa cha mtu mkononi."

"Eda imeisha."

Mashine ikazimwa.

"Imeisha vipi? Hukumrejea?"

"Nilihesabu vibaya."

"Ulihesabu..." Kinyozi alivuta pumzi. "Wewe unajua nyaya zote za friji, hili likakushinda? Sasa sijui hata nikuite nani."

"Niite mposaji. Naposa, kaka. Nampenda dada yako. Neno lile nililisema siku mbaya, na sikuwa na siku nzuri hata moja ya kulirudisha. Nataka kumwoa tena."

Mbali kidogo kichwa kilichonyolewa nusu kikauliza, "Nani anaoa?" kikaambiwa kitulie.

"Dada yupo?"

"Nipo," alisema Sindano.

"Nisikilize. Mara ile ya kwanza nilikuuliza ukainamisha kichwa, nami nikatoka nikawaambia wazee, amekubali. Ulikuwa bikira, kimya chako kilitosha. Leo wewe ni mwanamke uliyeolewa ukaachwa. Kimya chako hakinipi ruhusa ya kitu. Ukinyamaza nakata simu, na atakuja nyumbani kama mgeni. Sema kwa mdomo wako."

Wanawake walikuwa wameanza kutoka kwenye sala. Mama Mikoba aliwaona, akasimama, akawazuia wengine kwa mikono yote miwili kama askari wa barabarani.

"Nina sharti," alisema Sindano.

"Litaje."

"Nikimtaja mtoto, asitoke chumbani."

Barafu aliinamisha uso. Miezi saba mizima, kila Sindano alipolitaja lile jina, yeye alikumbuka bisibisi aliyoiacha nje, au mteja, au maji. Hakudhani kama alikuwa anahesabiwa.

"Mposaji, umelisikia?" Kinyozi aliuliza.

"Nimelisikia. Nimelikubali."

"Dada?"

Sindano alikunywa maji yake, yaliyokuwa yamepoa, mpaka yakaisha.

"Nimekubali," alisema. "Nioze."

"Alhamdulillah. Tarehe mkirudi. Na mpaka siku hiyo, mposaji, kaa mbali na dada yangu. Nina wembe." Mashine ikawaka tena.

Bi Msafara alikuwa anaita watu kwa kipaza sauti. Kwenye basi hawakukaa pamoja, kwani sasa hawakuwa mke na mume. Sindano alikaa na Mama Mikoba, aliyekuwa anamminya mkono na kucheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja. Barafu alikaa kiti cha nyuma yao, na Ustadhi, viatu vyote viwili miguuni. Mji ulipita dirishani, vioo na minara na watu wenye miavuli.

"Barafu," Sindano aliita bila kugeuka.

"Naam."

Alilitaja jina la mtoto, taratibu, lote.

"Angetimiza miaka miwili," alisema.

Basi lilisimama kwenye taa nyekundu. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka alipokaa.

"Jumapili," Barafu alijibu. "Angetimiza Jumapili."