Jiwe la Baharia Oke

Mashati ya chini kabisa kwenye furushi yalikuwa yamelowa. Bibiana alidhani bomba limevuja, akapapasa ukuta, akaukuta mkavu. Akanusa kitambaa, kikanuka mwani uliooza. Akalamba kidole: chumvi. Sasa Guangzhou ya China ina mto, tena mchafu, lakini ni mto gani wenye chumvi, ukapanda hadi ghorofa ya kumi na moja saa saba mchana?

Juu ya mashati hayo lilikaa jiwe. Yeye na Domina, mwenzake wa biashara, wote watu wa Bukoba, walilinunua kwa mzee wa vyuma chakavu aliyeling'oa kwenye vilima vya Huangpu, bandari ya zamani, walikozikwa mabaharia wa Ulaya wa kale. Lilikuwa pana na zito, limechongwa meli na maandishi yaliyolika. Wao wakaona litafaa kukandamizia nguo, furushi lisinyae kabla ya kushonewa gunia. Mfanyabiashara bwana, hata kaburi ataliulizia kilo.

Domina alikuwa amekufa kwa malaria aliyotoka nayo nyumbani, wiki ya tano sasa. Mwili ulishasafirishwa, na mama yake, Mama Bertila, alikuwa akijengea kaburi. Jumapili alipiga simu kusema fundi ataandika kwenye saruji maneno yaleyale aliyoambiwa na Bibiana: *Alifia mikononi mwa rafiki yake, akinyweshwa maji.* Bibiana aliitikia, akaweka simu chini, na chakula kikamshinda.

Kesho yake mlango ulianza kukwaruzwa kwa ndani, chini kabisa, pale unapofika mkono wa mtu aliyelala sakafuni. Siku ya tatu alikuta kikombe cha maji mezani ambacho hakukiweka yeye, akakimwaga, akakiosha, akakifungia kabatini, na alipogeuka kilikuwa mezani tena kimejaa, na mlango unakwaruzwa, na ile harufu ya mwani inamjia mpaka kooni kama mtu anayezama, ikabidi akimbilie chumba cha pili kwa Mwanahija bila hata viatu.

Mwanahija alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, na marehemu mama yake alikuwa fundi wa pepo, mtu wa kuyapunga. Hakuuliza mengi, akamrudisha chumbani kwake penye jiwe. Alifukiza ubani aliokuja nao kutoka kwao, akamfunika Bibiana kanga nyeupe, akaanza kusoma. Bibiana akausikia mdomo wake ukifunguka bila ruhusa yake, ikatoka sauti nzito ya kiume, kwa Kiswahili chake mwenyewe, maana pepo huazima ulimi wa kiti chake, yaani mtu aliyempanda.

"Weye nani, na kwenu wapi?" Mwanahija akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi Oke, wa kijiji cha Oldsum, kisiwa cha Föhr, bahari ya kaskazini. Kwetu nyumba zimeezekwa matete, wanawake huvaa fedha kifuani siku za sikukuu, na mwezi wa pili huwashwa mioto mikubwa. Bahari yetu huondoka mara mbili kwa siku, ukaenda kwa miguu hadi kisiwa cha jirani. Halafu hurudi. Aliyechelewa, basi tena."

"Na jiwe hili?"

"Kwetu jiwe la kaburi husimulia maisha yote ya mtu, alivyozaliwa hadi alivyokufa. Langu limesema uongo. Limesema, kwa maneno ya nahodha mwenyewe, nilifia mikononi mwake. Nilikuwa naungua homa pwani ya hapa, akaniambia narudi sasa hivi, akatweka tanga. Miaka mia mbili namngoja. Yeye sikumpata. Nimempata huyu."

"Wataka nini kwake?"

"Aseme kweli. Asiposema, atalipa na deni la nahodha."

Kanga ilipofunuliwa Bibiana alikuwa analia. Akamsimulia Mwanahija yote. Alimfungia Domina kwa nje ili mwenye nyumba asimwone mgonjwa akawafukuza na mizigo yao. Akamwambia narudi sasa hivi, akaenda soko la nguo la Shahe, akakuta wanamaliza stoku, akachagua nguo hadi jioni. Aliporudi, maji yalikuwa mezani. Domina alikuwa amekufa chini ya mlango, kucha zimekatika. Aibu ilimchoma Bibiana kuliko hofu.

"Mpigie mamake sasa hivi, saruji haijakauka," Mwanahija akasema. "Mie nakwenda kutafuta mkokoteni, jiwe lirudi lilikotoka."

Bukoba ilikuwa asubuhi. Mama Bertila alipokea kwa furaha ya mtu aliyelia sana. Fundi yupo, akasema, ameshika mwiko anangoja. Akamwombea Bibiana baraka, yeye na uzao wake.

"Niambie tena, mwanangu, nitulie. Alikunywa maji?"

Bibiana alifumba macho. Ukweli ulifika mpaka kwenye meno.

"Alikunywa, mama. Nilimshika mwenyewe."

Simu ikakatika. Nyuma yake, kwa nje, ufunguo ukazunguka kwenye kitasa mara mbili. Akatazama kwenye msumari alipotundika ufunguo, haukuwepo. Akaukimbilia mlango, akausukuma kwa bega, akaita Mwanahija, na sauti iliyomjibu kutoka upande wa pili ilikuwa ya upole, tena aliijua, ilikuwa ya Domina.

"Narudi sasa hivi, Bibiana."

Nyayo zikaenda zake. Kisha chini ya mlango maji yakaanza kuingia, baridi, yenye chumvi, bila haraka, kama bahari inayojua njia ya kurudi.