Ugali wa Maji ya Bahari

"Wanawake wakashuka baharini na mitungi, wakachota maji ya kupikia ugali." Bernadeta alichovya kalamu kwenye wino, akaendelea kunakili. Alikuwa peke yake darasani, chini ya picha ya Mfalme Joji. Nje wenzake walicheza rede. Siku hizi walimwita acheze nao, lakini hadithi yake hii ilitakiwa iondoke kwa treni ya Ijumaa, ikachapwe katika gazeti la watoto la misheni.

Alikuwa ametoka Sikonge mwezi wa kwanza, kuja kusoma Tabora. Kwa kuwa baba yake alikuwa mrina asali, wasichana wa Tabora mjini walimbandika jina la Nyuki, na muhula mzima alikula peke yake. Mpaka siku moja akasema, "Mimi nimeiona bahari." Tangu hapo hakukosa wa kukaa naye.

Mwalimu Josepha aliingia, akainama, akasoma taratibu.

"Ugali huu uliiva, Bernadeta?"

"Uliiva, mwalimu."

"Ukalika?"

Bernadeta akachovya kalamu tena.

"Mimi nilisomea ualimu pwani. Maji ya bahari ni chumvi tupu, hata ng'ombe hayanywi."

"Sisi tulikwenda... upande wa maji matamu."

Mwalimu hakumkemea. Alivuta kiti, akaketi, akangoja. Tone la wino likadondoka kalamuni, juu ya neno bahari.

"Sijaiona, mwalimu," Bernadeta alisema, machozi yakimlenga. "Marehemu babu ndiye aliyeiona, alipokuwa mpagazi wa misafara. Alisema ni nyanza kubwa, nami nikadhani ni kama ziwa. Tafadhali usiwaambie wenzangu. Watanihama."

"Sitawaambia mimi. Babu alisema nini kingine?"

"Kwamba waliisikia kabla ya kuiona. Alfajiri, inavuma. Wapagazi wakadhani ni kundi la nyuki! Wakatua pembe za ndovu, wakajifunika shuka gubigubi. Watu wa pwani wakawacheka mpaka wakakaa chini."

Mwalimu Josepha naye alicheka hadi akafuta macho. "Miaka miwili nilikaa kule, nyuki hao sikuwasikia!" Kisha akasema kwa upole, "Andika hiyo. Mwandishi halazimiki kuona kila kitu, mwanangu, bali lazima aseme kweli ni nani aliyeona. Na ukidanganya ili upendwe, anayependwa si wewe."

Katarina, mmoja wa waliokuwa wakicheza rede, alichungulia mlangoni. "Bernadeta, njoo utusimulie bahari!"

Bernadeta alimtazama mwalimu. Mwalimu alitazama dirishani.

"Sijapata kuiona, Katarina. Niliwadanganya."

"Kumbe!" Katarina akageuka, akaenda zake. Punde uwanjani kukasikika vicheko: "Nyuki! Nyuki!"

Bernadeta akachukua karatasi mpya, akaandika: "Babu yangu aliisikia bahari kabla ya kuiona."

Kivuli kikaanguka juu ya karatasi. Katarina alikuwa amerudi, mpira kwapani, anasoma.

"Aliisikiaje?"

"Alidhani ni nyuki."

Katarina alijizuia kucheka, akashindwa. "Wakamuuma?"

Kengele ikalia.

"Kesho," Bernadeta alisema, akifunika kidau cha wino. "Bado sijafika hapo."