Zuio la Kontena la Bluu

Redio ilikwaruza sikioni mwa Kimya.

"Kontena la bluu limefika getini. Zuio liko wapi?"

"Nimeliona likiandikwa."

"Huku halipo."

Jasusi huyo alikuwa nyuma ya karani wa forodha. Kwenye skrini ya karani, neno ZUIA liliwaka jekundu. Ndani ya kontena mlikuwa na makombora ya begani. Kama lingepita, kuna ndege ya abiria ambayo isingetua salama.

Karani alinung'unika kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu asubuhi. Anaandika, anaona, akifunga dirisha kazi yote inayeyuka.

"Usilifunge," Kimya alisema, akashuka ngazi mbilimbili.

Chumba cha seva kilikuwa baridi. Mwanaprogramu aliyekuwemo alikuwa mume wa dada yake. Aliitazama bastola ya Glock mkononi mwa Kimya, kisha akamtazama usoni.

"Shemeji. Hata hodi?"

"Mikono mbali na kibodi."

Kimya alifungua mipangilio. Programu ya forodha, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, ilikuwa na akiba ya miunganisho ya hifadhidata, kama ndoo za kisima kimoja: unaazima, unatumia, unarudisha. Kwa kawaida kila amri hujithibitisha yenyewe. Hapa mtu alikuwa ameandika autoCommit=false, yaani amri zisijithibitishe. Karani aliona zuio kwa sababu ndoo ilikuwa bado mkononi mwake. Akiirudisha, zuio linamwagwa. Wengine wasingeliona kamwe.

"Rudisha mpangilio ukitaka," shemeji alisema kwa upole. "Itabidi uizime programu kwanza, na zuio life. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika."

Hakuizima. Aliutafuta muunganisho wa karani ukiwa hai, akaurudisha kwenye true, yaani kujithibitisha. Java ina tabia moja: ukibadilisha mpangilio huo katikati ya kazi, yote yaliyokuwa yakisubiri huthibitishwa papo hapo.

Tabasamu la shemeji likazimika.

"Zuio limeingia," redio ikasema. "Geti limefungwa. Dereva amekamatwa."

Kimya alimfunga shemeji pingu. Alijipapasa moyoni, kama aliyechomwa ganzi anavyopapasa fizi kwa ulimi. Hapakuuma popote.

"Dada yako utamwambia nini?"

Alimkabidhi kwa walinzi, akatoka nje juani.

Simu ililia. Dada yake aliuliza kama amemwona mumewe, maana chakula kinapoa.

"Nimemwona," alisema Kimya. "Kula tu, dada. Usimsubiri."

Akavaa miwani, akavuka barabara.