Watoto wa Sungura Katika Nepia

Tryphosa Wesonga aliishi peke yake karibu na Kaptagat. Yeye na mume wake walitoka Busia kutafuta kazi, wakanunua kashamba. Sasa mume wake amefariki. Binti yao, Diana, anafanya kazi Mombasa. Kila asubuhi Tryphosa alikamua ng'ombe, akanywa chai, akaenda kukata nepia, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe. Siku nyingine jua lilitua kabla hajaongea na mtu yeyote.

Jumatatu moja alipoinama kukata, aliona watoto wawili wa sungura wa porini. Walikuwa wadogo kama ngumi. Macho yao yalikuwa wazi, lakini hawakukimbia. Walilala kimya.

"Maskini! Mama yenu amewatupa?"

Aliangalia huku na huku. Hakuona mama. Akawafunga kwenye leso, akawapeleka jikoni. Akawanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Jioni aliongea nao mpaka ugali ukaiva.

Asubuhi mmoja alikuwa amekufa. Alikuwa ameharisha sana. Tryphosa alikaa chini akalia.

Jirani yake, Chepkorir, alikuja kuchukua maziwa. Chepkorir ni mlinzi wa msitu.

"Mama Diana, kuna nini?"

Tryphosa alimwonyesha. "Nilitaka kuwasaidia. Walikuwa wameachwa."

"Hawakuwa wameachwa, Mama. Sungura wa porini hakai na watoto mchana. Akikaa nao, mbwa na mbweha watafuata harufu yake. Anawaficha, anaenda mbali. Jua likitua anakuja kunyonyesha, halafu anaenda tena."

"Mara moja tu kwa siku?"

"Inatosha. Maziwa yake ni mazito. Haya ya ng'ombe yanaharibu tumbo lao."

Tryphosa alimtazama yule aliyebaki. "Na vile nimemshika, mama yake si atamkataa?"

"Hapana, hiyo watu husema tu. Hana kidonda, kwa hivyo tumrudishe pale pale ulimtoa. Angekuwa ameumia, tungeita watu wa wanyamapori."

Tryphosa alimfunika sungura kwa leso. Kisha akasema, "Nyumba ilikuwa na mtu, Chepkorir. Hata kama ni sungura."

"Najua, Mama. Lakini humu ndani atakufa."

Walimrudisha. Tryphosa akafunga mbwa wake. Jioni wakasimama mbali, nyuma ya ua. Baridi ilianza kuingia. Ndipo sungura mkubwa akatokea. Alisimama, akasikiliza, akaingia kwenye nepia. Mtoto alinyonya dakika chache tu. Mama akaondoka bila kugeuka.

"Anaenda tena," Tryphosa alinong'ona.

"Kesho atarudi."

Tangu siku hiyo, Tryphosa hakukata nepia ya upande ule. Kwingine alipiga nyasi kwanza kwa fimbo, akatazama chini, ndipo akakata. Hakumkaribia mtoto yule tena. Alimtazama kutoka mbali asubuhi na jioni, mpaka akamwona akitafuna majani mwenyewe.

Diana alipopiga simu Jumapili, Tryphosa alimweleza yote. Waliongea mpaka simu ikaisha chaji.

Asubuhi moja hakumwona mtoto yule. Akaenda polepole mpaka pale. Hapakuwa na damu wala manyoya, ila nyasi zilizolala, zenye umbo la mwili mdogo. Tryphosa aliweka kiganja pale.

Palikuwa bado na joto.