Lori la Ijumaa

Duka la vifaa vya ofisi la jirani na stendi ya Bagamoyo lilikuwa limefurika asubuhi ile ya Jumatatu. Walimu walitoa fotokopi za mitihani, akina mama walipigwa picha za paspoti, na feni moja ilizungusha joto lile lile. Muzammil Mikidadi alikuwa amesimama kwenye foleni robo saa nzima, shati lake jeupe limeanza kumganda mgongoni, pale mwanamke mmoja alipompita pembeni na kuweka mkono juu ya kaunta.

"Kaka, nipe zile karatasi ndogo za kunata. Njano, pinki na kijani. Zote."

"Dada, foleni inaanzia kule mlangoni," Muzammil alisema.

Mwanamke akageuka. Alivaa baibui jeusi la mikono mipana na mtandio wa zambarau, na macho yake yaliyopakwa wanja hayakuwa na haraka ya kuomba radhi. "Niliziagiza tangu juzi. Nimekuja kuzichukua tu."

"Zote hizo za nini? Unafungua chekechea?"

"Za watu wazima wasiojua kusemezana. Ukitaka nafasi, sema."

Foleni nzima ikacheka. Muzammil akatoka na fotokopi zake amenuna, na harufu ya udi ya yule mwanamke ikamfuata mpaka barabarani. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Saa nne alipoingia ofisini, alimkuta anabandika zile karatasi ukutani.

"Huyu ni Shufaa," alisema Bi Ashatu, mkurugenzi wao. "Mtu wa Pangani, amefanya kazi miaka sita Dar es Salaam. Kuanzia leo ndiye kiongozi wa timu."

Timu yenyewe ilikuwa ya watu watano. Walikuwa wakitengeneza mfumo wa meseji kwa wakulima wa mananasi wa Kiwangwa. Lori la mnunuzi likishapangiwa siku, kila mkulima apate meseji ya kumwambia lini akate. Kazi ilikwama miezi minane, kwa sababu kila mtu alifanya lake, na Muzammil, mwandishi mkuu wa programu, aliuweka mfumo mzima kichwani mwake na hakumfungulia mtu mlango.

"Kazi zote ziko ukutani," Shufaa aliwaambia. "Njano haijaanza, pinki inafanyika, kijani imekwisha. Tutakwenda kwa mizunguko ya wiki mbili mbili, na kila mzunguko ukiisha tunawaonyesha wakulima tulichofanya, hata kikiwa kidogo. Na kila asubuhi tunasimama hapa dakika kumi na tano. Jana ulifanya nini, leo unafanya nini, na nini kinakukwamisha."

"Kwa nini tusimame?" Muzammil aliuliza. "Viti vina kunguni?"

"Mkikaa mtapiga soga."

Wiki mbili za kwanza, kila alipofikiwa na swali la tatu, Muzammil alitoa jibu lile lile: "Kinachonikwamisha ni kikao hiki." Na kila siku Shufaa aliandika jibu hilo kwenye karatasi ya njano, akaibandika ukutani pamoja na kazi nyingine, mpaka Vaileth akashindwa kujizuia kucheka. Vaileth alikuwa binti wa Kiwangwa, na kazi yake ilikuwa kuujaribu mfumo kabla haujawafikia wakulima.

Kisha Shufaa akaleta sheria nyingine: programu iandikwe na watu wawili kwenye kompyuta moja. Hakuna aliyekubali kukaa na Muzammil. Shufaa akavuta kiti, akakaa yeye.

"Unajua kusoma hii?" Muzammil aliuliza kwa dharau.

"Mstari wa arobaini umekosea."

Akatazama. Kweli ulikuwa umekosea. Akaurekebisha bila kusema asante, na masikio yake yakawaka moto.

Siku ya nne ya kukaa hivyo, mvua ilipiga mabati hata wakashindwa kusikilizana, wakawa wanaandikiana kwenye kioo cha kompyuta. Muzammil akaandika: *Una sauti mbaya, afadhali mvua.* Shufaa akajibu: *Una roho mbaya, na mvua haikusaidii.* Walipotazamana walijikuta wote wawili wanatabasamu, na kila mmoja akamchukia mwenzake kwa kuliona tabasamu lake.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, simu ya Shufaa ikaita.

"Nani?"

"Kinachokukwamisha."

"Umekosa wa kugombana naye huko nyumbani?"

"Wapo, lakini hawanipatii kama wewe. Umekula?"

"Nimekula. Kwani wewe mama yangu?"

"Basi lala salama, mama karatasi."

"Lala, bwana kunguni."

Ikawa kila jioni anapiga. Ofisini waliendelea kurushiana maneno, lakini Vaileth aliona Shufaa amebadilisha mtandio mara nne katika wiki moja, na Muzammil, ambaye zamani alikuja na shati lililokunjamana, sasa ananyoosha mpaka kola. Kazi nayo ilikimbia. Upande wa kijani ukutani ukajaa.

Kilichoharibu ni siku ya onyesho, mwisho wa mzunguko wa nne. Wakulima wasiopungua sitini walikusanyika kwenye ofisi ya kijiji Kiwangwa kuona mfumo wao. Muzammil alikuja na kanzu mpya na maneno aliyoyafanyia mazoezi. Shufaa akasimama, akasema: "Vaileth atawaonyesha."

Vaileth akawaonyesha, akichanganya Kiswahili na Kikwere, na wakulima wakampigia makofi. Muzammil akamvuta Shufaa nyuma ya jengo.

"Miezi yote hii naitengeneza mimi, halafu unampa mwingine aisemee?"

"Ni kazi ya timu. Na wewe ukiongea na wakulima ni kama unawasomea katiba. Wangelala."

Shufaa alikuwa na sababu nzuri, kwamba watu wa pale wangemwelewa haraka zaidi binti yao. Sababu hiyo haikutoka kinywani. Ilitoka hiyo ya katiba, na ilipokwisha kutoka, kiburi kikamzuia kuirudisha.

"Ahsante," Muzammil alisema. "Kumbe ndivyo unavyonihesabu."

Jioni ile simu haikuita. Wala iliyofuata. Siku kumi walifanya kazi chumba kimoja bila salamu, na alichotaka mmoja kumjulisha mwenzake, alikipitisha kwa Vaileth, au alikiacha.

Katika siku hizo Shufaa aliwaambia watu wa lori la mnunuzi, walioingiza siku za safari kwenye mfumo, waache kuandika majina ya siku, waandike namba: Jumatatu moja, Jumanne mbili, mpaka Ijumaa tano. Ilikuwa rahisi kwao. Ilimpasa amwambie Muzammil, lakini angeanzaje kumsemesha?

Muzammil, kwa upande wake, aliona namba zimeanza kuingia kwenye mfumo. Angeuliza swali moja tu. Badala yake akajiambia jambo liko wazi: Jumamosi ni ya mosi, Jumatano ni ya tano, jina lenyewe linasema. Jumapili akaiandika programu hivyo, peke yake, nyumbani. Karatasi ya kazi ile ilisema Vaileth aijaribu kwanza. Hakungoja. Akaiachia iende.

Lori lilipangwa siku ya tano. Watu wa lori walimaanisha Ijumaa. Wakulima mia mbili wakapata meseji: *Kata nanasi, lori linakuja Jumatano.*

Jumatano mchana, juu ya marundo ya mananasi yaliyopangwa kando ya barabara chini ya mikorosho, nyuki walivuma na harufu ya uchachu ikaanza kupanda. Lori halikuonekana. Wakulima walipopiga simu ofisini, Muzammil alifungua mfumo, na katika dakika tatu akaona kosa lote, nusu yake na nusu ya Shufaa. Wakiwa garini kwenda Kiwangwa, amekaa kiti cha nyuma, akamwandikia Bi Ashatu barua kwa simu: kiongozi wa timu amebadilisha namna ya kuandika siku bila kumtaarifu mtu, na hafai kuongoza. Nusu yake hakuiandika. Akaituma.

Mama Eufrazia, mwenyekiti wa wakulima na mama mzazi wa Vaileth, aliwapokea ameshika panga la kukatia mananasi.

"Nani aliyetuambia Jumatano? Mtoeni hapa tumwone sura!"

"Shikamoo, mama," Shufaa alisema.

"Sitaki shikamoo yako! Mwanangu mwenyewe yumo kwenye uchafu huu. Nataka jina!"

Muzammil alingoja jina lake litajwe. Shufaa alijua ni nani aliyeiachia programu bila kujaribiwa. Vaileth alikuwa amemwambia njiani, kwa mnong'ono.

"Hakuna jina, mama," Shufaa alisema. "Tumekosea timu nzima. Mimi ndiye kiongozi wao. Ukitaka kutukana, nitukane mimi."

Wakamtukana. Alisimama juani akayapokea yote, mtandio umelowa jasho. Kisha akatoa simu, akapiga huku na huku mpaka kiwanda kimoja cha juisi kikakubali kuleta gari alasiri ile ile. Timu nzima ikapakia mananasi kwa mikono, na yapata theluthi moja yalikuwa yameshaoza. Muzammil alipakia mpaka viganja vikamchubuka kwa miiba ya yale majani. Alifungua simu yake mara tatu akitamani barua irudi. Ilikuwa imeshasomwa.

Kesho yake Bi Ashatu akamsomea Shufaa barua ile neno kwa neno, akamwambia apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Shufaa hakujitetea. Alichukua mkoba wake, akaenda stendi, akapanda basi la Tanga apate kuunganisha kwenda kwao Pangani. Muzammil alipopiga simu, aliipokea.

"Shufaa, nisikilize..."

"Uliituma saa ngapi?"

"Tukiwa njiani. Kabla hujasema yale."

"Kwa hiyo nilipokuwa natukanwa kwa ajili yako, ulikuwa umeshanichinja."

"Nimekosa, mpenzi."

"Usiniite hivyo! Hukuwahi kuniita hivyo tukiwa wazima, unaniita leo? Usipige tena namba hii."

Muzammil hakulala. Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Bi Ashatu, akamweleza nusu aliyoificha. Bi Ashatu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi umeniambia. Na hao wengine?"

Jumatatu, kwenye kikao cha kusimama, Muzammil hakungoja zamu yake. "Programu niliiachia mimi, bila kumpa Vaileth aijaribu. Halafu nikaandika barua ya uongo wa nusu." Vaileth alimwambia mbele ya wote kwamba mananasi ya mama yake yalioza kwa kiburi chake, na hakupunguza. Muzammil akasimama akasikiliza. Kisha akafungua kompyuta, akawaonyesha wote mfumo, kipande kwa kipande, siku tatu mfululizo, mpaka kila mmoja akaweza kuurekebisha bila yeye.

Shufaa akaitwa kazini. Alirudi na baibui la kijivu na uso uliofungwa. Mwezi mzima alimsemesha Muzammil maneno ya kazi tu, lakini aliyasema, kila asubuhi, akimtazama machoni, na yeye alijibu kweli. Kitu cha kwanza alichomwambia kisicho cha kazi kilikuwa: "Nusu nyingine ilikuwa yangu. Ningekwambia habari ya namba, ile Jumatano isingetokea."

"Najua."

"Sikukwambia ili unifariji."

"Sikufariji. Shufaa, wazee wangu waje Pangani?"

Shufaa akageuka, akamtazama.

"Wasije. Njoo wewe kwanza. Mama yangu aisikie ile barua kutoka kinywani mwako, si kwa mshenga atakayeipaka asali."

Akaenda. Bi Sikuzani, mama yake Shufaa, alimkaribisha barazani na kusikiliza hadithi yote, mkeka mmoja kati yao, chai ikipoa. Muzammil hakuruka kitu. Alipomaliza, bibi yule alikuwa amekunja uso.

"Na baada ya yote hayo, mwanangu amekusamehe?"

"Bado, mama. Amenikubali tu."

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti ya Shufaa ikaja, kali kama kawaida yake:

"Mama, usimwonee huruma! Mwambie alete wazee kabla sijabadilisha mawazo!"