Jicho Lisilofumba

Chai ndiyo iliyoanza. Benta alipiga funda, ikamtiririka kidevuni, na kwa upande wa kushoto wa ulimi hakuonja hata sukari.

"Mama Celine," mumewe Jackton akanong'ona, "uso wako umeenda upande."

Kwenye kliniki pale mtaani Jericho, daktari Ndunge alimgusa nyuma ya sikio. Mshipa wa fahamu wa uso, alisema, hupita katika tundu jembamba la mfupa, ukatokea hapo na kutawanyika hadi kwenye paji, jicho, shavu na mdomo. Ukivimba hujibana wenyewe, uso ukalala.

"Uso utarudi, mama. Meza dawa, na jicho ulibandike plasta ukilala."

Benta alisema sawa. Hakuogopa, hakulia, na ubaridi huo ndio uliomtisha Jackton. Majirani walishaamua kwamba jini limempiga kofi, basi akamwita pasta Patrobas na waumini wake mchana wa Jumamosi.

"Tufumbe macho," pasta akasema.

Wakafumba. Benta akafumba moja. La kushoto lilibaki wazi, likichuruzika machozi. Ikaja harufu ya jivu lililomwagiwa maji, kisha pazia la chumbani likasogea, akatoka mwanamke mrefu asiye na haraka, akapita katikati ya watu waliokuwa wakiomba kwa sauti, akimgusa kila mmoja nyuma ya sikio kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akaendelea hivyo hadi kwa Celine, mtoto aliyelala mapajani mwa baba yake, na hapo akasimama.

Benta alitaka kupiga kelele. Nusu ya mdomo ikatoa pumzi tu.

"Limeanza kutoka," mtu akasema kwa hofu, nao wakazidi kukaza macho.

Benta alimnyakua mtoto. Tangu siku hiyo alikataa plasta, akalala na Celine kifuani, jicho likilinda.

Lakini dawa ilifanya kazi. Sukari ikarudi, kope ikashuka. Waumini walikuja kushukuru, Jackton akampakata mtoto.

"Tufumbe macho."

Harufu ya jivu ilikuja. Benta sasa angeweza kuchagua, na alichoka sana kuona. Akafumba yote mawili.

"Amina."

Celine akamchekea mama yake kwa upande mmoja wa mdomo.