Fundo Kwenye Leso ya Shangazi

Kila Jumamosi Nyevu aliianza siku kwa kufagia ua. Alifagia kutoka mlangoni hadi kibanda cha kuku, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, kisha akainjika chai. Nyumba yao ilikuwa Shika Adabu, Likoni, nyuma ya kituo cha tuktuk, kwa hivyo asubuhi zao zilijaa milio ya injini zilizokataa kuwaka.

Jumamosi hiyo alikuwa bado na ufagio mkononi baba yake, Changawa, alipotoka chumbani. Hakupita mlangoni kama siku zote. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni.

"Baba, una nini?"

"Kichwa tu. Nipe maji."

Nyevu alimpa maji, lakini macho yake hayakubanduka kwenye ule mkono. Mwaka uliopita aliona mkono mwingine ukishika mwimo huo huo, mahali pale pale. Ulikuwa mkono wa shangazi yake, Nyamvula, dada wa pekee wa baba. Haukupita muda mrefu, Shangazi akazikwa.

Mtaani hakuna aliyemsahau Nyamvula. Aliendesha tuktuk ya njano iliyoandikwa nyuma NYAMVULA YUAJA, na mama mjamzito hakutozwa nauli humo. Alijifunza kuogelea akiwa na miaka arobaini na minne, akawacheka waliomcheka. Kukiwa na arusi popote, kuanzia Mtongwe hadi Ng'ombeni, yeye alikuwepo, leso kiunoni na njuga miguuni, akiongoza ngoma ya kayamba. Katikati ya ngoma moja kama hiyo alianguka, na hakuinuka tena. Watu walisema amekufa vizuri, amekufa akicheza. Baba alilipenda neno hilo. Lilimfariji.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia, na Jumamosi iliyofuata ukoo ungekutana kumkumbuka. Leso zake zingegawiwa wanawake wa ukoo. Baba angeongoza ngoma mahali pa dada yake. Nyevu naye, kwa kuwa alikuwa Gredi ya Saba na mwandiko wake ulisomeka, angeandika wasifu wa marehemu na kuusoma.

Baada ya chai baba alikaa kwenye kigoda, akawa anasema, naye Nyevu anaandika.

"Andika hivi: Nyamvula hakuumwa hata siku moja. Hakumeza kidonge. Aliishi bila hofu."

Kalamu ilisita.

"Umechoka?"

"La, baba." Akaandika.

Mama yake, Sarah, alikuwa kando akichagua mchele. Alisema kwa upole kwamba baba mwenyewe aende akapimwe, maana hii ilikuwa wiki ya tatu kichwa kinamsumbua. Baba akacheka. Yeye na dada yake walinyonya ziwa moja, alisema, na kama dada hakuhitaji hospitali, yeye anayebeba magunia Changamwe kutwa ataihitajia nini?

Nyevu aliinama juu ya karatasi. Alijua jambo ambalo wao hawakulijua.

Mwaka uliopita Shangazi alimpakia kwenye tuktuk wakaenda zahanati. Huko Shangazi alifungwa mkanda mkononi, akapimwa, akapewa vidonge vya presha vya kumeza kila siku. Alivimeza siku nne tu. Kisha akalalamika kwamba vinampeleka chooni kila saa, na abiria hawangoji. Hakuvitupa. Alivifunga kwenye pindo la leso, akakaza fundo kwa meno.

"Arusi hii ikipita nitavimeza," alisema. "Lakini hii ni siri yetu, mwanangu. Kaka yangu akijua ataninyang'anya ufunguo wa tuktuk."

Nyevu aliona fahari kupewa siri na mtu mzima. Aliitunza vizuri mno.

Wiki ile mambo madogo yaliongezeka. Jumatatu baba alitokwa na damu puani, akasema ni jua. Jumatano kikombe kilimponyoka, akasema sikio la kikombe ni bovu. Kila mara palikuwa na sababu, na kila sababu Nyevu alikuwa amewahi kuisikia, kwa sauti ya mwingine.

Alhamisi, kwenye foleni ya maji, alimuuliza rafiki yake Mwanatabu: "Mtu akikupa siri halafu akafa, hiyo siri ni ya nani?"

"Yako. Aliyekufa haji kuidai," Mwanatabu alijibu akicheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikaisha. "Kwani ni siri ya kuiba kuku au ya kuua mtu?"

Nyevu alijitwika mtungi wake, na lile swali likamfuata hadi nyumbani.

Ijumaa mama alizitoa leso za Shangazi sandukuni akazianika. Zilikuwa kumi na moja. Moja ilikuwa na fundo pindoni, nalo mama hakuligusa. Katika ukoo wao, pindo alilofunga mtu halifunguliwi na mwingine, awe hai au amekufa. Alasiri upepo ukavuma, fundo likawa linagonga nguzo ya kamba. Ko. Ko. Ko. Nyevu alipika, akaosha vyombo, akafanya hesabu zake za shule, na muda wote huo alilisikia.

Jumamosi watu walijaa uani. Walisali, wakala, kisha kayamba zikaanza kuchekechwa taratibu. Baba alikuwa amekwisha kuvaa njuga. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyevu akaitwa asome kabla ya ngoma.

Alisoma habari za tuktuk, watu wakacheka. Alisoma habari za kuogelea, wakacheka zaidi. Akafika kwenye ule mstari, akamtazama baba yake. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo. Hakuwa akicheza, lakini njuga zilikuwa zinalia. Miguu ilikuwa inamtetemeka.

"Hapa siwezi kusoma," Nyevu alisema. "Si kweli."

Aliiendea ile leso, iliyotandazwa mkekani pamoja na nyingine tayari kugawiwa. Kucha zake hazikuweza, akalifungua fundo kwa meno. Bibi mmoja wa ukoo alimkemea kwamba anafungua pindo la marehemu. Vidonge vikamwagika mkekani, vyeupe, vimeanza kupukutika.

"Shangazi aliumwa," alisema. "Alikuwa akishika mwimo hapo hapo unaposhika, baba. Alipewa dawa hizi, hakumeza, akaniambia nisiseme. Nami sikusema."

Kayamba zilinyamaza. Baba aliketi chini kizingitini kama mtu aliyekatwa miguu.

Sista Caroline, muuguzi wa zahanati nyingine aliyekuwa akiimba kwaya na Shangazi, alikuwa amekwisha kuinuka. Hakuuliza mengi. Aliagiza avuliwe njuga, na Fancy, msichana aliyefundishwa udereva na Shangazi, akawasha ile tuktuk ya njano. Ngoma haikuchezwa siku hiyo.

Baba alilazwa siku nne. Daktari alimwambia mama kwamba presha ilikuwa imepanda sana, na kwamba kama angecheza katika jua lile, mshipa wa kichwani ungeweza kupasuka.

Siku aliporudi, Nyevu alijificha jikoni.

"Nyevu."

"Abee, baba."

"Njoo, na ile karatasi."

Alikuta Sista Caroline akimfunga baba mkanda wa kumpima. Swali alilolibeba Nyevu wiki nzima likamtoka lenyewe. "Sista, mimi ndiye niliyemuua Shangazi?"

Sista Caroline aliuweka mkanda chini. "Hapana, mwanangu. Ulikuwa mtoto, ukabebeshwa mzigo wa mtu mzima. Hata yeye simlaumu. Aliipenda kazi yake na ngoma zake, akaogopa kupunguziwa. Lakini lishike hili. Ukiombwa ufiche ugonjwa wa mtu, hiyo si siri ya kutunza. Mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata ukijua utakasirikiwa. Na dawa iliyofungwa pindoni haimponyi mtu."

Baba alitikisa kichwa kukubali. "Nilitaka dada yangu awe hakuumwa kamwe," alisema. "Karibu nimfuate. Futa ule mstari, andika: Nyamvula aliumwa, na akaogopa, kama sisi sote."

Nyevu akaandika.

"Na bado aliishi. Andika hivyo. Aliishi sana."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, iwe siku ya kufagia ua au siyo, Nyevu humpelekea baba yake maji na kidonge. Baba humeza, kisha hufungua kinywa wazi kama mtoto, ili binti yake aone kwamba hakuficha kitu. Leso ile alipewa Nyevu. Mama ameipiga pasi mara mbili, lakini mikunjo ya fundo haijatoka pindoni.